Salfa

Bunduki hii haiui. Nimewaapia
wakulima wa Mnyambe mara tatu, bado wanarudi nyuma
ninapoinama katikati ya mikorosho
na kuugusisha mdomo wake kwenye udongo mwekundu,
sekunde sitini, kama anayebusu mkono wa mkwe.

"Inapiga picha?" Hapana, Mama Mkubwa. Inachokoza.
Ndani ya kila chembe kuna vigoda vimepangwa,
na juu ya vigoda elektroni wameketi kwa heshima.
Mwali wa eksirei
(si mwali wa unyago, yule ainamishaye macho)
unaingia bila hodi,
unamng'oa aliyeketi ndani kabisa.
Wa nje anadondoka kukijaza kigoda,
na katika kudondoka anapiga ukelele.
Ukelele ndio jina.
Chuma hulia sita nukta nne.
Kalsiamu, tatu nukta saba.
Hakuna aigizaye sauti ya mwenzake,
hata kwa rushwa.

Usiku, gesti ya Newala mjini, umeme umekatika.
Nasoma kwenye simu habari za ndugu wa bunduki yangu
aliyeko Mirihi.
Yeye amebeba donge la kuriamu linalojiozea polepole,
na kuoza kwake ndiko kunakochokoza.
Huweka pua juu ya jiwe, akangoja hadi alfajiri,
kwa kuwa baridi ya kule humzibua masikio.
Mimi sekunde sitini, kisha naangalia saa ya chakula.
Nimeona haya.

Na wanasema alifungiwa kipande cha jiwe la nyumbani,
jeusi, la volkano,
ili akianza kuyatilia shaka masikio yake
aligeukie, alisikilize,
ajue kama bado ni yeye.

Nikatandaza karatasi mbili kitandani.
Mirihi: chuma, kalsiamu, klorini, salfa tele.
Mnyambe: chuma, titani, salfa.
Salfa.
Ya kule, wanadhani, ni pumzi ya volkano zilizokwisha kufa.
Ya kwetu naijua ilikotoka.
Ilitoka ghala la chama cha msingi, kwa mkopo,
ikapanda mgongoni kwa kaka yangu Chilumba
saa kumi na moja, upepo haujaamka, umande ungali majanini,
na ile pampu ikinguruma hadi mifupani.
Macho yake yalikuwa mekundu tangu Juni mpaka mnada.
Alikohoa manjano.
Mashine imesikia mbili nukta tatu, ikaandika herufi moja.
Haikuandika Chilumba.

Asubuhi Mama Mkubwa Somoe alinikuta napakia mifuko ya sampuli.
"Na maji? Imeyaona?"

Nikaanza kwa mbali, kama mganga aliyekosa dawa.
Nikasema haidrojeni ana kigoda kimoja tu:
akishang'olewa, hakuna wa nje wa kudondoka,
basi hakuna kelele.
Nikasema oksijeni hulia, ila kwa sauti ya kitoto,
hewa inaimeza kabla haijafika.
Nikasema hata yule wa Mirihi,
akiinama juu ya kitanda cha mto uliokauka,
husikia chumvi iliyoachwa,
maji yenyewe hayasikii.

Akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko.
"Umetoka nayo Naliendele, mafuta ya gari, posho,
halafu haisikii maji?"
Miaka ishirini na mbili aliteremka bonde la Kitangari
jogoo la kwanza, akapanda na ndoo,
shingo ikajifunza uzito wake.
Akachota udongo, akaufumbata, akafumbua kiganja.
Haukushikana. Ulimwagika kama unga.

"Kwenye karatasi yako kuna mahali pa maji?"
Kuna safu ya maoni, nikasema.
"Basi andika. Andika kwamba yalibebwa."

Nikaandika.
Bunduki ikalia mara moja, ndogo:
betri.